Kidonge cha Maji

"Kimeze nikione," alisema Gati.

Waisiko alikipokea kidonge kiganjani, akakitia mdomoni, akapiga funda la maji na kuinua kidevu kama kuku anayekunywa. Gati aliridhika. Alijitwika furushi la kimea, akamkaza mtoto mgongoni, akaaga kwamba anawahi gulio la Nyamongo kabla mvua haijarudi. Hatua zake zilipopotea njiani, mama yake alikitoa kidonge chini ya ulimi, akakifuta kwa kidole, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, mlimokuwa na vingine vya siku zilizopita.

Si kwamba alitaka kufa. Kama kulikuwa na mtu mwoga wa kifo katika kijiji kile kizima, alikuwa ni yeye. Lakini nje, katikati ya uwanja, Machage alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameifumua injini ya pikipiki yake na kuitandaza juu ya gunia, na njia ya kwenda chooni ilipita mbele ya magoti yake.

Machage alikuwa mume wa Gati. Kwa Wakurya, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni, hawapeani mikono, wala hawakai karibu. Mmoja akimwona mwenzake njiani, hupinda kichakani akajifanya anatafuta kuni. Hiyo ni heshima, na Waisiko aliishika kuliko alivyoshika maneno ya kanisani. Sasa fikiria mama wa namna hiyo apite mbele ya mkwe kwenda chooni. Si mara moja. Kazi ya kidonge kile ilikuwa kuvuta maji mwilini na kuyatoa, na ukikimeza asubuhi hukai kitako mpaka jua lifike utosini. Siku ambazo Machage alikuwa barabarani na abiria wake tangu alfajiri hapakuwa na taabu. Waisiko alimeza, akaenda, akarudi, akaenda tena, na walioshuhudia ni kuku tu. Kisha mvua zikaharibu barabara, injini ikagoma, Machage akakaa nyumbani. Tangu hapo vidonge vikawa vinaishia kwenye pindo la kanga.

"Pikipiki itapona," alijiambia kila asubuhi, "nami nitameza."

Ugonjwa wenyewe aliambiwa Tarime, baada ya kuzirai kando ya kisima kwake Morotonga, ng'ambo ya Mto Mara, alikokuwa akiishi peke yake tangu afiwe na mumewe. Daktari kijana alimpaka kitu cha baridi kifuani, akamwonyesha moyo wake kwenye kioo cha mashine. Waisiko aliona kitu cha kijivu kikipapatika kama kifaranga kilichonyeshewa.

"Mama, moyo wako umetanuka na umechoka," daktari alisema. "Hausukumi damu inavyotakiwa, kwa hiyo maji yanabaki mwilini. Yanaanza miguuni, yanapanda tumboni, yakifika mapafuni unakosa pumzi. Dawa hizi ni za maisha yako yote. Ukizimeza vizuri, unaweza kuishi nao miaka."

Waisiko alisikia neno moja tu, umechoka. Mengine yote yalimpita kando. Tangu siku hiyo hakuuamini tena moyo wake. Aliusikiliza saa zote, kama mtu anayesikiliza nyayo za mgeni nje ya nyumba. Ukienda mbio aliogopa, ukitulia aliogopa zaidi. Alilala ameketi, mgongo kwenye magunia ya ulezi, kwa sababu akijinyoosha maji yalimpanda kifuani. Hata usingizi wenyewe aliuonea mashaka, maana nani angeuangalia moyo yeye akiwa amelala?

Gati alikuja akamchukua, akampa kijumba cha pembeni kwenye mji wa Machage. Hapo hofu ikazaa hofu nyingine: kufia kwa mkwe. Kwake Morotonga, kando ya kaburi la mumewe, palikuwa na nafasi yake, na migomba miwili ya kuweka kivuli. Huku kwa mkwe alikuwa mgeni. Angewaachia maiti ambayo Machage asingejua hata namna ya kuitazama, na watu wangesema mpaka wachoke.

Machage mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye mabega yaliyopinda kidogo kwa miaka aliyochimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, kabla hajanunua pikipiki. Naye alikuwa na njia yake ya kuongea na mama mkwe bila kuongea naye. Aliongea na mbwa.

"Bosi," angesema kwa sauti kutoka uwanjani, "mwambie mama kuni zake ziko mlangoni."

"Bosi, mwambie ahsante," Waisiko angejibu kutoka ndani.

Mbwa angetikisa mkia, akidhani anaitwa kula. Na kama ilimlazimu Machage kuingiza kitu ndani, ndoo ya maji au gunia la ulezi, aliingia kinyumenyume. Mgongo wake ulitangulia mlangoni, akapapasa kwa kisigino, akatua mzigo, akatoka vilevile alivyokuja bila kugeuka. Mara ya kwanza Waisiko alicheka hadi akakohoa. Baadaye akazoea, na kwa kweli mgongo wa Machage aliujua vizuri kuliko uso wake.

Siku hiyo, Gati alipoondoka, Waisiko alivuta kigoda hadi kwenye kimea chake. Ndiyo kazi aliyokuja nayo kutoka Morotonga, na ndiyo iliyomfanya ajione bado ni mtu. Kwa kawaida aliloweka ulezi, akauchuja, akaufunika kwa magunia yenye unyevu mpaka ukachipua, kisha akauanika na kuupeleka mashineni. Wapika togwa wa Nyamongo walikuwa wanamtafuta kwa jina. Siri ya kimea iko kwenye kuchuja. Ukiacha maji chini, juu kitaonekana kizuri, kumbe chini kinaoza. Waisiko alizamisha mkono hadi kwenye mkeka, akasikia kwa vidole, akaona kiko sawa.

Kisha akajibonyeza muundi kwa dole gumba. Nyama ilibonyea, na shimo likabaki hapo, likimtazama. Alibonyeza juu zaidi, karibu na goti. Hapo pia. Alikaa anayaangalia yale mashimo mawili. Alijua vizuri maana yake. Mtu aliyekaa na kimea maisha yake yote hahitaji daktari kumweleza habari za maji yaliyobaki chini. Akaivuta kanga, akafunika miguu.

Alipoinuka kukigeuza kimea, pumzi ilikatika.

Haikuondoka yote. Ilikuja nusu, halafu robo, halafu ikawa kitu kidogo sana kinachogota kooni na kurudi. Alishika ukuta. Ukuta ukateleza. Alijikuta ameketi juu ya ulezi wake mbichi, mdomo wazi, na ndani ya kifua moyo ukirukaruka bila mpangilio wowote. Kifo ndicho hiki, aliwaza. Ndicho hiki, na nipo kwa mkwe. Hofu ilimjaa mwili mzima mpaka kwenye kucha.

Huko nje vyuma viliacha kugongana.

"Bosi," Machage aliita, "muulize mama kama anataka chai."

Waisiko alitaka kujibu. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu.

"Bosi, muulize tena."

Halafu mlango ukaingia giza, na mgongo wa Machage ukatokea, unakuja polepole, kikombe cha chai kimenyooshwa nyuma. "Mama?" alisema, uso umeelekea nje. Ndipo aliposikia ile sauti ya kukoroma. Kikombe kilianguka. Machage aligeuka.

Walitazamana. Kwa miaka yote ya ndoa ya Gati, ilikuwa mara yao ya kwanza. Na Waisiko, kwa nguvu ya mwisho aliyokuwa nayo, nguvu ambayo angeitumia kuvuta hewa, aliinua kanga akajifunika uso. Machage aliinyakua ile kanga akaitupia mabegani mwa mama.

"Acha, mama! Acha hiyo! Vuta pumzi!"

Alikuwa tayari na simu sikioni, anampigia Heche, mwenzake wa bodaboda, huku mkono mwingine umemshika mama mkwe kwapani ili asilale. Heche alifika ametapakaa matope hadi kwenye nyusi. Walimpakia katikati. Heche aliendesha, na Machage, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, alikaa nyuma akamkumbatia mama mkwe wake kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba mtungi kwenye mteremko. Waliteleza, wakainuka, wakateleza tena. Waisiko alijaribu kukaa wima asimguse. Kisha hakuweza, kichwa chake kikalala kwenye kifua cha mkwe, na mgongoni akausikia moyo wa Machage ukipiga kwa nguvu, haraka haraka. Huyu naye anaogopa, aliwaza, na hilo lilimshangaza hata katika hali ile. Nyamongo walipata gari la mtu aliyekuwa anaelekea Tarime.

Hospitali walimtia hewa puani na sindano mshipani, na maji yakaanza kutoka. Siku ya pili aliweza kusema sentensi nzima. Nesi alikuja na faili, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mama, ile dawa ya maji ulikuwa unameza?"

"Nilikuwa nameza."

"Anameza," Gati alidakia. "Mimi mwenyewe nampa, nasimama hapo hapo mpaka amalize."

Nesi aliandika, uso wake ukionyesha kwamba hakuamini. Alipoondoka, Gati alichukua kanga ya mama yake kwenda kuifua. Alifungua pindo akidhani kuna hela. Alitoa donge jeupe, vidonge vilivyogandana kwa mate na jasho, vingine bado vya duara, vingine vimeshakuwa unga. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama. Ulitaka kutuachia nini sisi?"

Waisiko aligeukia ukutani.

"Niambie. Ulikuwa umechoka kuishi?"

"Hapana!" Ilimtoka kwa sauti hadi mgonjwa wa jirani akageuka. "Nani kakwambia nimechoka? Njia inapita mbele yake, Gati. Mbele ya magoti yake. Ningepita mara ngapi?"

Gati hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alifunika mdomo kwa kiganja.

"Yaani ungekufa kwa ajili ya choo?"

"Sikutaka kufa. Nilikuwa nangoja atengeneze pikipiki."

Gati alicheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Waisiko aliona aibu, akaona na huruma, akampapasa mgongo kama alipokuwa mdogo. Ila ndani yake hofu haikupungua hata chembe. Mchana alimwona daktari akimwita Gati pembeni, kwenye korido, wakaongea kwa sauti ya chini. Gati alirudi na macho mekundu, akasema daktari amesema ale chakula bila chumvi.

Aliporuhusiwa, Waisiko aliomba kitu kimoja tu. "Nipelekeni Morotonga."

"Mto Mara umefurika, mama. Barabara imekatika. Ukipungua tutaona."

Basi alirudi kwa mkwe. Gati alimwekea ndoo yenye kifuniko ndani ya kijumba, na asubuhi aliitoa akiwa ameifunika kwa upande wa kanga. Waisiko alimeza kidonge kwa kuwa binti alimfungua mdomo akaangalia mpaka chini ya ulimi. Kila ndoo ilipopita uwanjani, alifumba macho na kungoja ifike.

Halafu ukaanza mlio.

Ulitoka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Sululu. Inapiga, inanyamaza, inapiga. Kisha koleo linakwangua, na udongo unatua kwa kishindo laini. Waisiko aliusikia akiwa na uji mkononi, na uji ukamshinda.

"Gati, wanachimba nini?"

"Nani?" Gati aliinama akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. "Aah. Ni Machage na Heche na mambo yao."

"Mambo gani?"

"Hata sijui, mama. Kunywa uji."

Gati hakujua kudanganya, tangu utotoni hakuwahi kujua. Waisiko alitua bakuli. Sasa kila kitu kilikaa mahali pake: daktari kwenye korido, macho mekundu, blanketi jipya ambalo Gati alilileta bila kuombwa. Machage naye, tangu warudi, hakuongea na mbwa hata mara moja. Mto umefurika. Barabara imekatika. Maiti haisubiri mto upungue. Wamekaa wakaamua, na wameanza mapema kwa sababu ardhi ya pale ni ya mawe.

Alisikiliza siku ile yote. Alipojaribu kusali, sululu iliyakata maneno yake katikati. Alimfikiria mumewe kule Morotonga, na ile nafasi kando yake ikiota majani bure. Alifikiria namna udongo utakavyoingia. Moyo ulikwenda, ukakosa, ukaenda. Siku ya pili mlio ulikuwa mzito zaidi, wa chini zaidi, na Gati alipokwenda kisimani kufua, Waisiko aliona hawezi tena. Kama shimo ni lake, atalitazama. Atawaambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hataki kulala huku, wamtie hata kwenye mtumbwi wamvushe, wafanye wanavyojua.

Alitoka ameshika ukuta. Alizunguka kijumba, hatua chache, akapumzika, hatua chache tena. Migomba ilikuwa inadondosha maji. Akaona kilima cha udongo mwekundu, mbao zimepangwa kando, na katikati yake shimo. Mtu hakuonekana. Koleo lilitoka ardhini, likamwaga udongo, likazama.

"Heche, umerudi na kamba?" sauti iliuliza kutoka chini.

"Si Heche."

Koleo lilisimama.

"Mama?"

"Kaa huko huko."

"Nipo, mama. Nimegeukia ukuta."

Waisiko alijishusha akaketi kwenye udongo.

"Machage, niambie ukweli. Hili ni kaburi langu?"

Chini ikatoka sauti kama ya mtu aliyepigwa.

"Kaburi? Mama! Kaburi gani la kina hiki? Nimeshapita kimo changu na bado nashuka. Hiki ni choo. Ni choo chako. Mimi sitakikanyaga, na njia yake inatokea nyuma ya kijumba chako, haipiti uwanjani kabisa."

Maji ya migomba yaliendelea kudondoka. Waisiko alikamata udongo kwa mikono yote miwili, akauachia, akaukamata tena.

"Mbona Gati hakuniambia?"

"Nilimkataza. Ningekuambiaje jambo la choo, mama? Hata Bosi nilishindwa kumwambia."

Kicheko kilimtoka Waisiko bila ruhusa, kikamwishia na kukohoa, na kikohozi kilipotulia alijikuta analia. Machage alingoja huko chini. Alikuwa amezoea kungoja ndani ya ardhi.

"Naogopa," Waisiko alisema. Hakuwa amemwambia mtu neno hilo, si daktari, si Gati, si mchungaji. Labda aliliweza kwa kuwa alikuwa analiambia shimo. "Naogopa kila siku. Nikiamka naogopa, nikila naogopa. Nimechoka kuogopa kuliko huo moyo wenyewe ulivyochoka."

"Hata mimi niliogopa, siku ile kwenye pikipiki."

"Nilikusikia."

Sululu iliguswa, ikaachwa.

"Kule kwenye maduara," Machage alisema taratibu, "anayeshuka hufungwa kamba. Juu anakaa mwenzako. Hewa ikikuishia, au ukisikia udongo unalia, unavuta, anakutoa. Nilikuwa na rafiki, Mwikwabe. Siku moja alivuta, tukamtoa, kumbe hakuna kitu, ni wasiwasi tu. Tulimcheka wiki nzima. Hata mimi nilimcheka, mama. Tulimwita bibi harusi. Baadaye alishuka tena, na mimi ndiye niliyeshika kamba juu. Niliishika mpaka jioni. Haikutikisika."

Mikononi mwa Waisiko udongo ulikuwa wa baridi na safi.

"Ile kamba ninayo mpaka leo," Machage aliendelea. "Nataka niifunge kuanzia mlangoni kwako mpaka huku, uwe unaishika unapotembea. Mwishoni nitaiwekea kengele ya ng'ombe, upande wa nyumba kubwa. Ukivuta tutasikia."

"Sijui kama nitaivuta."

"Basi. Itakuwepo tu."

Choo kiliisha, kikapigwa mabati kuzunguka na kuwekewa mlango wenye komeo. Kamba ilipita kwenye vigingi katikati ya migomba, usawa wa kiganja, nyeusi kwa jasho la watu wa zamani. Mto ulipungua, barabara ikafunguka. Gati alisema mama akitaka Morotonga sasa njia ipo. Waisiko alijibu kwamba kuna ulezi ameuloweka, hauwezi kuachwa.

Asubuhi moja Gati aliondoka na kimea. Machage alikuwepo, pikipiki ilikuwa imepona, ila alikuwa anaiosha uwanjani na kupiga mluzi. Waisiko alikaa na kidonge kiganjani. Hakuna aliyemtazama. Alikimeza, akasikia kinashuka, akangoja.

Alikwenda mara ya kwanza ameshika kamba, akarudi. Alikwenda ya pili. Miguu yake ilikuwa imepungua mpaka mifupa ya vifundo ikaonekana tena, na aliitazama kwa furaha kidogo alipokuwa anatembea. Mara ya tatu, wakati wa kurudi, katikati ya migomba, moyo ulisimama. Au alidhani umesimama. Ukaruka, ukaanza kukimbia, na ile hofu yote ikashuka juu yake kama paa.

Itapita, alijiambia. Usisumbue watu. Pumzika kidogo itapita. Na njia yenyewe ni ya choo, utamwitaje mwanaume wa watu kwenye njia ya choo, tena mkwe? Pumzi ikaanza kuja nusu nusu. Akataka kuivuta kanga yake ajifunike, na mkono haukuiendea kanga. Ulikuwa kwenye kamba. Aliuona pale, mkono wa mzee, mishipa imesimama, umeshika mahali ambapo Mwikwabe alishika.

Akavuta.

Kengele ililia upande wa pili wa nyumba, kilio kikavu cha ng'ombe anayerudi zizini. Mluzi ukakatika. Ndoo ilipinduka. Bosi alifika wa kwanza, akamnusa magoti. Kisha majani ya mgomba yakafunguka, ukatokea mgongo wa Machage, fulana imelowa, shingo imeinama. Alikuja kinyumenyume mbio mbio, akijikwaa kwenye vigingi, amenyoosha nyuma mpini wa jembe, na mpini ule ulikuwa unapapasa hewani huku na huku, ukimtafuta mama bila kumpata.

"Kushoto," Waisiko alimwambia. "Kushoto kidogo, Machage."

Mpini ukaja kushoto, ukangoja mbele ya mkono wake.